Soksi za Shingo Katika Chumba cha Kompyuta

Kwanza naomba msamaha kwa mwandiko wangu, ambao unapanda na kushuka kama vilima vya kwetu Othaya, na kwa maneno nitakayokosea herufi, kwa maana niliishia darasa la nane na tangu hapo kalamu naishika mara chache kuliko panga. Tena naandika polepole. Barua hii kwa gazeti lenu nimeianza leo Jumapili baada ya kanisa na sijui itaisha lini, lakini heri niiandike, kwa sababu jambo lenyewe siwezi kulisema kwa mdomo. Ni aibu, na mimi ni mtu wa kunyamaza, hata dukani huwa nawaacha wengine wote wahudumiwe ndipo niseme nataka chumvi.

Kilichonikumbusha ni redio. Siku hizi kila taarifa ya habari ni mwaka wa elfu mbili tu, ati ukifika kompyuta zote duniani zitachanganyikiwa, zitadhani tumerudi nyuma miaka mia moja, ndege zitaanguka na benki zitafungwa. Hapa Gatitu, ambapo sasa nafanya kazi kwa fundi wa baiskeli, watu wanabishana juu ya jambo hilo kutwa nzima, na kuna mzee mmoja ameapa kwamba atatoa pesa zake zote benki kabla ya Krismasi (sote tunajua hana akaunti). Mimi huendelea kuziba pancha nikinyamaza, lakini niko na maoni yangu. Maoni yangu ni kwamba tusikimbilie kuogopa, kwa sababu hawa wanaotuletea habari za kompyuta waliwahi kutuambia mambo mengine kwa uhakika uleule, na moja ya mambo hayo lilinivua viatu mbele ya watu.

Ilikuwa katikati ya miaka hii ya tisini. Nilikuwa nimemaliza shule, nikawa nachuma majani chai na mama. Mjini Nyeri kulikuwa kumefunguliwa chuo kidogo cha kompyuta, juu ya duka la kuuza vitambaa, na aliyekuwa akisafisha chuo hicho ni mdogo wake mama, ambaye tunamwita Tata Wangari (kwetu tata ni shangazi na pia ni mama mdogo, neno ni moja). Tata alimbembeleza mwenye chuo, ambaye pia ndiye aliyekuwa mwalimu na kila mtu alimwita Madam, akambembeleza tangu wakati wa mvua hadi wakati wa baridi, mpaka Madam akakubali kumpa kijana wake, yaani mimi, nafasi moja ya bure. Lakini kwanza kijana aje Ijumaa, akae kwenye mashine, aonekane kama vidole vyake vinaweza kutulia.

Sijui nieleze vipi jambo hilo lilivyokuwa kubwa nyumbani. Katika ukoo wetu hakuna mtu aliyewahi kupata kazi ya kukaa. Wote ni kazi ya kusimama au ya kuinama. Mama aliposikia aliweka kikapu chini katikati ya majani akasema, "Sasa wewe utazeeka na mgongo mzuri," akageuka upande mwingine akajipangusa macho kwa leso.

Viatu nilipewa na kaka yangu mkubwa, vya ngozi, vyeusi, vinang'aa. Vilikuwa vikubwa kwangu, kwa hivyo nikajaza gazeti kule mbele. Soksi zilikuwa zangu mwenyewe, na hapa ndipo aibu inapoanzia, kwa sababu zilikuwa soksi za shingo. Kama hujui soksi za shingo basi wazazi wako walijaliwa. Ni soksi ambazo sehemu ya chini imekwisha yote, kisigino na vidole na wayo, ikabaki ile sehemu ya juu tu inayoonekana kati ya kiatu na suruali, unaifunga kwa mpira uliokatwa kutoka tyubu ya baiskeli, na ukitembea watu wanaona kijana aliyevaa soksi. Dada yangu alinipa zake nzima, za shule, nikakataa kwa sababu zilikuwa za wasichana. Nikamwambia ndani ya kiatu nani ataona.

Nilipofika juu ya ile ngazi nilikuta viatu. Vimepangwa kando ya ukuta nje ya mlango, vya wanaume na vya wanawake, jozi kwa jozi, kama nilivyowahi kuona nje ya msikiti wa pale mjini. Wale mliokuwa wakubwa miaka hiyo mnakumbuka. Kompyuta ilikuwa kama mgonjwa mahututi. Mapazia yalifungwa ili jua lisiipige, ilivalishwa kitambaa cha kufumwa kwa mkono kama kile cha kuweka juu ya kochi, na hukuruhusiwa kuingia na viatu kwa sababu vumbi la nje, ati, likiingia tumboni mwake mara moja, imekufa. Tata hakuniambia. Kwake yeye lilikuwa jambo la kila siku, angelikumbuka vipi?

Madam akaja mlangoni akiwa na soksi nyeupe safi. Akaniuliza kama mimi ndiye wa Wangari, akanikaribisha vizuri, akaniambia viatu vinabaki nje. Mimi nikasimama. Akasubiri. Nikaangalia viatu vyangu, nikaangalia vyake vilivyo nje, nikaangalia ngazi. Basi yule mama wa watu, kwa huruma yake, akainama kidogo akaniuliza kwa sauti ya chini, "Ama uko na kidonda mguuni?"

Nikaitikia kwa kichwa.

Ni hivyo tu. Sikusema neno lolote. Kichwa kilishuka kikapanda, na yote yaliyofuata yalitoka hapo.

Madam aliingia ndani akarudi na karatasi mbili za nailoni za kufungia mkate, akanivalisha juu ya viatu, akazifunga kwa uzi ili vumbi langu lisitoke. Kisha akafungua mlango akawatangazia wanafunzi wanipishe njia, huyu kijana ni mgonjwa wa mguu. Walikuwa kama kumi hivi, wote wakageuka. Karatasi zilikuwa zikilia shwa, shwa, kila hatua. Na kwa kuwa nilikuwa mgonjwa wa mguu, ilibidi nichechemee, ila hakuna aliyekuwa amesema ni mguu gani, nami sikuwa nimeamua. Nikaanza na wa kulia. Nilipofika katikati ya chumba nikaona mashine zile, zote zimewaka, herufi za kijani zinatembea zenyewe kwenye kioo cheusi, nikasahau kila kitu kwa uzuri wake, na nilipokumbuka nikaendelea kuchechemea na wa kushoto.

Kulikuwa na kijana wa Kerugoya hapo, anaitwa Nderitu, amevaa tai, mdomo wake haulali. Akasema bila hata kuinua macho, "Madam, kidonda kimehama."

Wakacheka. Mimi kwa haraka ya kurudi kwenye mguu wa kulia nikakanyaga vibaya, na sakafu ile (nyekundu, Tata alikuwa ameipiga nta asubuhi ileile mpaka ukiinama unajiona) haikutaka mchezo na karatasi za mkate. Nilienda chini mzima mzima. Kiatu kilinasa waya, waya ukachomoka ukutani, na kompyuta ya Nderitu ikazima.

Nderitu alikuwa ameandika barua ya kuomba kazi tangu asubuhi, akifuta na kurudia mpaka imekuwa tamu, na alikuwa hajaihifadhi kwenye diski. Sikujua maana ya kuhifadhi wakati huo. Nilichojua ni kwamba alishika kichwa kwa mikono miwili, na chumba chote kikanyamaza kama kanisani mtu anapoangusha sahani ya sadaka.

Ndipo Tata akaja mbio kutoka choo cha nyuma na kitambaa cha kudeki mkononi. Akaniona chini. Akauliza kuna nini, Madam akamwambia pole Wangari, ni kile kidonda chake, kimemwangusha. Tata akaniangalia, akaiangalia ile miguu iliyofungwa kama mikate miwili.

"Kidonda gani?" akasema. "Huyu si nimemwona leo asubuhi akiruka mtaro wa pale stendi kama swara?"

"Tata," nikasema. Hilo ndilo neno la kwanza nililosema ndani ya chuo kile.

"Ni wapi unaumwa? Ni msumari? Unanificha nini, ukifika nyumbani mama yako aseme nimekuharibu?"

Akapiga magoti. Nikashika kiatu kwa mikono yote miwili. Yeye akavuta, mimi nikavuta, na kwa kuwa yeye ni mtu wa kukamua mashuka na mimi ni mtu wa kuchuma majani, akashinda. Kiatu kilitoka, gazeti likatoka nyuma yake likifunguka polepole, kisha mguu wangu ukabaki hewani mbele ya watu wote: kisigino chenye nyufa za udongo mwekundu, vidole vitano wazi, na juu yake ile shingo ya soksi, nzuri, ya kijivu, imefungwa kwa mpira wa tyubu.

Nderitu, pamoja na hasara yake, hakuweza kujizuia. "Kumbe amekuja na gazeti," akasema. "Hebu tusomee, tujue habari za leo."

Kicheko kilichopigwa hapo bado nakisikia. Hata Madam aligeukia pazia, mabega yakawa yanatikisika.

Tata hakucheka. Aliokota gazeti, akalikunja vizuri, akalirudisha ndani ya kiatu, akanivua na kile kingine, akavibeba vyote viwili nje na kuviweka kwenye ule mstari, kati ya viatu vya wengine, vimenyooka. Akarudi akaniambia kwa Kikuyu, kwa sauti ndogo, "Kaa kwa kiti. Ndiyo ulikuja kufanya."

Nikakaa. Madam alipiga makofi wakanyamaza, akairudishia kompyuta waya, ikalia, ikawaka. Akaniambia niandike jina langu. Miguu yangu ilikuwa baridi juu ya ile nta, nikaikunja chini ya kiti, nikatafuta K. Nilichukua muda mrefu kuipata. Nikaigusa, ikaruka kwenye kioo, kijani, nzuri kuliko K yoyote niliyowahi kuandika kwa mkono. Nikatafuta A. Wakati nimefika mwisho wa KARIUKI nilikuwa nimewasahau wote, Nderitu na tai yake, na harufu ya chumba kile, ya nta na plastiki iliyopata joto, mpaka leo nikiipata mahali nasimama.

Madam alisimama nyuma yangu kitambo kidogo, kisha akasema, "Vidole vimetulia. Jumatatu uje."

Mngedhani mkasa umeishia hapo, na vizuri. Lakini nikishuka ngazi nilisikia mtu ndani akiiga mwendo wangu, shwa, shwa, na kicheko kikaanza upya. Jumatatu nilivaa vile viatu nikaenda hadi barabarani. Gari la Nyeri likasimama, likangoja, likaenda. Nikarudi nikamwambia mama naumwa na mguu. Jumanne vilevile. Mama alinipa kikapu tukaingia kwenye majani. Kufikia mwisho wa mwezi Madam alikuwa amempatia mtu mwingine nafasi ile, hakuwa na kosa.

Mwaka jana ililetwa hapa kwa fundi baiskeli ya mtu anayetengeneza kompyuta za ofisi. Nikajikaza nikamuuliza kama ni kweli viatu viliweza kuziua. Akacheka akasema siku hizi yeye huingia hata na gambuti. Ati vumbi si zuri, lakini hakuna kompyuta iliyowahi kufa kwa kiatu cha mtu. Simlaumu Madam, mashine zile alizinunua kwa bei ya shamba na aliogopa. Hata navikumbuka vile vitambaa vya kufumwa na kuona kompyuta za siku hizi zinakaa uchi sana. Lakini nawaza ni wangapi kama mimi waliofika kwenye mlango kama ule, wakaangalia viatu vyao, wakarudi nyumbani.

Tata hakuwahi kunigombeza. Alinyamaza na jambo hilo mpaka alipokuja kwetu Krismasi ya mwaka ule, tukiwa tunachambua maharagwe, akasema bila kuniangalia, "Unajua walikusahau Jumanne? Yule Nderitu alimwaga chai kwa kibodi, wakaanza kumcheka yeye."

Akaendelea na maharagwe. Mimi pia.

Nimeapa kwamba nikiulizwa swali tena mlangoni nitalijibu kwa mdomo, hata kama jibu lenyewe ni soksi. Ninyi mnaosoma, wa Karatina na Nanyuki na Kerugoya, kama mliwahi kuvua viatu mkaaibika naomba mniandikie kupitia gazeti hili, nijue siko peke yangu. Na kama kuna anayejua chuo kinachomchukua mtu wa darasa la nane, mwenye umri wa miaka ishirini na kidogo, anayeandika polepole, huyo aniandikie kwanza.