Moyo Uliomsingizia Mama Rispa

Nilipokuwa darasa la sita, moyo wangu ulimfukuza mwanamke mtaani kwetu. Hakutukanwa barabarani, hakurushiwa jiwe, chifu hakuitwa. Moyo wa mtoto wa miaka kumi na moja ulidunda wiki tatu, na siku ulipotulia, Mama Rispa alikuwa ameshafunga sufuria zake na kurudi kwao Pap Onditi.

Tulikaa upande wa Dunga, katika nyumba za mabati zilizojipanga mstari mmoja kuelekea ziwani. Mama alikuwa mtu wa omena, wale dagaa wa ziwani: ananunua ufuoni asubuhi, anaanika, anageuza, anauza, anarudi jioni akinuka samaki na jua. Nyumbani nilishinda na nyanya yangu, ambaye sisi tulimwita Dani. Chakula cha mchana nilikula kwa Mama Rispa, mjane aliyeuza uji na viazi vitamu kando ya ua wa shule. Mama alimpelekea omena, yeye akanilisha mimi. Nilikuwa na kikombe changu pale, cha bluu, kilichobanduka mdomoni. Wateja wengine walikaa kwenye benchi; mimi nilikaa ndani, kwenye kigoda, karibu na moto.

Shuleni kwetu kulikuwa na diski. Wenzangu waliosoma shule za mjini wananiuliza kama ni santuri. Hapana. Ilikuwa kipande cha mbao, ukubwa wa kiganja, kilichotobolewa na kutiwa kamba ya katani. Ukisikika ukiongea Kijaluo, unavalishwa. Utaivua siku utakapomsikia mwenzako naye akiteleza, umvalishe yeye. Jioni mwalimu wa zamu anauliza, "Diski iko wapi?" Aliye nayo anasimama. "Nani alikupa?" Anataja jina. "Na wewe, nani alikupa?" Jina jingine. Mstari mzima unatajana mpaka pale ilipoanzia asubuhi, kisha mstari mzima unachapwa. Hebu fikiria. Mtoto anachapwa kwa lugha aliyosalimiwa nayo na mama yake alipoamka, na hapo hapo anafundishwa kwamba njia ya kutoka ni jina la mwenzake.

Ijumaa moja Beryl, rafiki yangu, alinisikia nikimwambia mtoto wa darasa la pili afunge kamba za viatu. Kwa Kijaluo, kwa sababu mtoto wa darasa la pili alikuwa anataka kulia na Kiingereza hakingemsaidia.

"Pole, Achieng," Beryl akasema, akinivalisha. "Ningekuacha, lakini nimekaa nayo tangu asubuhi."

Mvua ikashuka kabla ya kengele ya jioni. Walimu wakaturuhusu tukimbie nyumbani, hakuna aliyeuliza chochote. Nilifika nyumbani diski ikiwa bado ndani ya sweta, imelowa. Jumapili, Dani akiwa kanisani, niliitupa chooni. Sikupanga. Nilisimama juu ya lile shimo, nikafungua mikono, basi.

Jumatatu mwalimu aliuliza diski iko wapi. Hata aliyempa Beryl siku ile hakujitaja, maana mstari mzima ungechapwa. Beryl ndiye angesema, na Beryl hakuwepo: nyanya yake aliyemlea alikuwa amefariki ng'ambo ya ghuba, na familia nzima ilikuwa imevuka na feri ya Luanda Kotieno kwenda Mbita matangani.

"Itatoka," mwalimu akasema. "Mtapiga magoti kila jioni mpaka itoke. Na yule aliyeificha, siku nitakapomjua, atajuta kuzaliwa."

Hapo ndipo nilipofungwa. Kurudisha, singeweza. Kusema nimeitupa, ni kujipeleka kwenye kiboko. Kunyamaza, ni kungoja Beryl arudi, ashuke kwenye feri na jina langu mdomoni. Kila jioni tulipiga magoti kwenye kokoto, watoto arobaini na kitu, na kila jioni nilisikia wenzangu wakiapa kumshughulikia huyo mwizi wa diski. Mimi pia niliapa, kwa sauti kuliko wote.

Moyo ulianza Jumanne. Kwanza niliusikia shingoni, halafu masikioni nikilala upande wa kushoto. Ulikuwa unaruka pigo moja, unasimama, kisha unakuja na mengi kwa pamoja kama mtu anayeshuka ngazi gizani. Chakula kilifika mdomoni kikakataa kuendelea. Kwa Mama Rispa nilikuwa nikishika kiazi mpaka kinapoa, na yeye, akikoroga uji, alikuwa ananiangalia. Alikuwa ananiangalia tu, kwa muda mrefu.

Dani ndiye aliyeona gauni likitingishika kifuani.

"Kuja hapa," akasema. Akaweka kiganja. Akakitoa kama aliyeshika sufuria ya moto. "Nyasaye! Hii ni nini inaruka hapa? Umemeza chura?"

"Moyo yangu inapiga, Dani."

"Tangu lini?"

"Juzi."

"Na chakula?"

"Haiingii."

Akaketi chini, akafungua na kufunga kitambaa chake cha kichwa. Alikuwa amekwisha kujua. Kwetu ugonjwa huo una jina: sihoho. Ni jicho. Kuna watu, na siku zote huwa ni wanawake, sijui kwa nini wanaume hawabarikiwi na macho hayo, ambao wakikutazama ukila, chakula kinakwama kifuani na kuanza kukudhuru. Hospitali haikioni. Kinatolewa na mtu anayejua kukitoa.

Jumamosi tukaenda kwa huyo mtu. Alikuwa mama mnene, mchangamfu, mwenye nyumba safi kuliko yetu. Alifunga mlango, akaniketisha kwenye mkeka, akatandaza wembe mpya, pembe fupi ya ng'ombe na beseni. Dani alikaa nyuma yangu, akanishika mabega. Nakumbuka nikiangalia dirisha: lilikuwa limezibwa na gunia.

"Mtoto mzuri," yule mama akasema. "Nani alikuangalia ukila?"

"Sijui."

"Mtoto huwa anajua. Fikiria."

"Hakuna mtu."

"Haya, kama hataki kusema, nitachanja mara nyingi mpaka kijitoe chenyewe."

Moyo ulikuwa unapiga hadi meno. Dani akaninong'oneza, "Sema tu, mama, ukitaja kitatoka." Nyinyi mliokua bila diski mnaweza kusema mngenyamaza. Mimi nilikuwa nimefunzwa miaka sita. Mtu mzima akikuuliza ni nani, hataki maelezo, anataka jina. Ukilitoa, fimbo inahama.

"Mama Rispa," nikasema.

Mikono ya Dani ikalegea mabegani. "Nilijua," akasema, ingawa hakuwa amejua.

Nilichanjwa mara tatu tu. Pembe ikawekwa, ikafyonzwa, na kilichotoka kikatemwa kwenye beseni. Ndani ya maji yenye damu kidogo kulikuwa na kipande cha kiazi kitamu.

Chuoni, kwenye mijadala, nimesimama mbele ya majaji nikabomoa hoja za watu waliovaa tai, na bado lile beseni linanikera. Jina lilitajwa kwanza, kiazi kikaja baadaye. Ningesema mama anayeuza chapati, kingetoka kipande cha chapati. Hakuna aliyeuliza. Dani alipiga makofi, akalia kwa furaha, na mimi nikalia naye.

Jumatatu Mama alinifungia chakula kwenye kopo. Alipouliza kama nina hakika ni Mama Rispa, nilitikisa kichwa kukubali, naye akageuka kupanga samaki wake. Kufikia Alhamisi kila mama mstarini kwetu alikuwa anafunga kopo. Watu wazima nao waliokunywa uji pale wakaanza kununua huku wamempa mgongo, wanakunywa wamegeukia barabara. Kisha hata hao wakaacha.

Mama Rispa alikuja kwetu Jumapili baada ya kanisa, angali na sare yake ya umoja wa akina mama. Hakuketi.

"Min Odhis," alimwita Dani kwa jina la mwanawe wa kwanza, "mimi nimekosea wapi?"

"Hakuna mtu amesema umekosa."

"Watu wanafunika sahani nikipita. Hata mchungaji amenisalimia akiangalia viatu." Akanigeukia. "Achieng, mtoto wangu. Sema wewe. Nilikuangalia vibaya siku gani?"

Dani akanifunika uso kwa leso yake. Kwa haraka, kama unavyofunika maziwa. Ndani ya ile leso kulikuwa na giza jekundu na harufu ya ugoro, na moyo wangu ulipiga hivi kwamba nilidhani Mama Rispa anausikia. Ningeweza kusema. Sentensi ilikuwa fupi tu. Lakini nikisema si yeye, swali litakalofuata ni nini basi, na jibu lilikuwa ndani ya shimo la choo.

"Mtoto ni mgonjwa," Dani akasema. "Mwache."

Nilisikia viatu vyake vikiondoka kwenye changarawe, taratibu.

Aliondoka Ijumaa ya wiki hiyo, sufuria zimefungwa kwa kamba juu ya pikipiki. Jumatatu iliyofuata Beryl alirudi shuleni, kichwa kimenyolewa. Nilimwona langoni, akanijia moja kwa moja.

"Ile diski nilikupa," akasema, "ulipeleka?"

"Ndiyo."

"Sawa." Akaniomba nimwoneshe hesabu alizokosa.

Tayari mwalimu alikuwa amechonga nyingine, mpya, nyeupe, na ya zamani imesahaulika. Hakuna aliyeuliza tena. Kufikia saa sita mchana moyo wangu ulikuwa umetulia kabisa, na jioni nilikula sahani mbili za ugali. Dani alinitazama nikila, machozi yakimlengalenga.

"Unaona?" akamwambia Mama. "Ameenda, mtoto amepona."

Ungemjibu nini? Ushahidi ulikuwa umeketi mbele yake unalamba vidole.

Niliishi na siri hiyo vizuri tu, nikiri. Hadi mwaka wa pili chuoni Maseno, wiki ya fainali ya mjadala, moyo uliporudi. Shingoni, masikioni, pigo moja limeruka na mengi yamefuata. Nilikwenda zahanati nikiwa na hakika nakufa. Tabibu, kijana aliyeonekana hajalala, alinipima kwa mashine, akatoa damu, akaniita tena baada ya siku mbili.

"Moyo wako mzima," akasema. "Unaogopa nini?"

"Siogopi kitu. Mimi ndiye nahodha."

"Haya, nahodha. Chai ya rangi, vikombe vingapi kwa siku? Unalala saa ngapi?" Nilipomjibu akacheka, kisha akanieleza polepole kwamba mwili ukiona hatari unamimina kemikali ya kukimbia, na kemikali hiyo kazi yake ni kuuendesha moyo mbio. Ukiwa na pa kukimbilia, unakimbia, kemikali inaisha. Ukiwa umekaa tu na hofu yako, moyo unakimbia peke yake. "Si ugonjwa wa kufikirika," akasema. "Kudunda ni kwa kweli. Ila hakutoki kwa moyo."

Nilikaa kwenye benchi la nje muda mrefu. Watu walidhani nimepewa habari mbaya. Nilikuwa nahesabu kwa vidole: Ijumaa ya mvua, Jumanne, kokoto, Beryl. Yote yalikuwa pale, yamepangika, na katikati hapakuwa na jicho la mtu.

Pap Onditi nilifika siku ya soko. Mama Rispa alikuwa anauza maharagwe kwa kopo, amekonda, miwani imefungwa uzi. Nilijitambulisha. Akaendelea kumpimia mteja mpaka akamaliza. Nikasema yote, kwa mkupuo, bila ufundi wowote wa jukwaani.

"Nilikuwa nakuangalia, ndiyo," akasema hatimaye. "Mtoto anashika kiazi nusu saa hali. Nilikuwa natafuta namna ya kumwambia mama yako bila kuonekana najifanya mzazi kuliko yeye. Nikangoja wiki iishe."

"Nisamehe, Mama."

"Mimi sina neno na mtoto." Alikung'uta kopo. "Lakini dada yangu aliolewa huko kwenu, alizikwa huko. Nimekosa hata mazishi, nikiogopa watafunika sahani. Kunikuta hapa sokoni na kunipa pole ni rahisi. Nenda ukaseme pale uliposemea."

Nikaenda, Desemba. Dani alinisikiliza hadi mwisho.

"Na moyo ulitulia kwa nini siku ile?" akauliza. Nikamweleza habari ya Beryl. Akatazama mikono yake, akasema amechoka, akaingia kulala mchana kweupe. Mama alikuwa ameshika mwiko hewani.

"Hiyo diski," akasema, "hata mimi niliivaa. Ungeniambia tu, Achieng. Mimi ningekwenda shuleni."

Kesho yake nilianza mlango wa kwanza wa mstari wetu. Nilijiandaa kwa hasira, kwa matusi, kwa mabishano. Mimi na mabishano tunajuana. Mama wa mlango wa kwanza alikuwa anamsuka binti yake. Nikasema: Mama Rispa hakuwa na sihoho, mimi nilidanganya, nilikuwa naogopa mwalimu.

"Rispa yupi?" akauliza.

"Wa uji. Karibu na shule."

"Aa! Yule." Akaendelea kusuka. "Sasa hiyo si tulishasahau? Unafufua ya nini?"

Wa pili akasema hivyo hivyo. Wa tatu akanikaribisha chai, akacheka kwamba nilikuwa mtoto mwenye drama tangu zamani. Mtu aliyehamishwa maisha yake yote hakumbukwi hata jina, na wale waliomhamisha wanalala vizuri, kama nilivyolala mimi. Nilikuwa nimekuja kuomba wamrudishie heshima, nikakuta hawakumbuki hata kwamba waliichukua. Nitawadai nini? Tena mimi, niliyewakabidhi jina lake?

Nilimwomba yule wa tatu anisikilize mara ya pili, polepole, na nikamwambia kwamba Mama Rispa angali hai, anauza maharagwe sokoni Pap Onditi, na siku moja atakuja kuona kaburi la dada yake. Akasema, "Aje basi." Si mengi. Nikayaandika moyoni hivyo yalivyo, bila kuyaongezea.

Moyo wangu ulikuwa unapiga kwa nguvu nilipotoka kwake. Sikuushika. Mlango wa nne ulikuwa nusu wazi, kuna mtu anakohoa ndani, nikabisha hodi.