Bi Deki na Usaili wa Ijumaa

Saa mbili asubuhi, mama wa miaka hamsini na tatu anarudi kinyumenyume kama mtu aliyeona nyoka, akipiga deki korido ya ghorofa ya nne ya hoteli. Akifika mwisho analaza mopu kizingitini. Maana yake hapapitwi mpaka pakauke, hata uwe nani.

Hotelini wanamwita Bi Deki. Miaka kumi na mmoja sasa anasafisha vyumba kumi na vinne kwa siku, na magoti yamechoka kupigwa mbele ya mabafu. Dawa yake ni cheo cha msimamizi wa ghorofa, yule anayetembea na karatasi tu. Lakini usaili wake ni wa Kiingereza, na ameshafeli mara mbili. Ijumaa hii ni mara ya tatu na ya mwisho.

"Kinachonishinda ni kimoja," anasema. "Kuna kazi uliyoifanya ikapita zake, na kuna uliyoifanya ikawa bado ipo ipo. Wenzetu kila moja wameipa sentensi yake."

Mwalimu wake ni kitinda mimba wake, binti wa sekondari asiye na huruma.

"Mama, ukitaja jana, hiyo 'have' itoe."

"Nimeitoa."

"Hii hapa," binti anaigusa kwa kidole kwenye daftari.

"Basi ilijificha."

Mwanga ulimjia Jumanne. Meneja, ambaye ndiye msaili, alikuja mbio, simu sikioni, akainua mguu kuiruka mopu. Bi Deki akanyoosha mkono.

"I have cleaned," akamwambia.

Bwana mkubwa akaganda, mguu mmoja hewani kama korongo. Kisha akaurudisha, akasubiri pakauke.

"Hapo ndipo nilipoielewa," anasema Bi Deki, akicheka mpaka kilemba kinalegea. "Hiyo 'have' ni mopu yangu mlangoni. Kazi imeisha, lakini sakafu bado mbichi, usinikanyagie. Wakishapita na viatu vyao, hiyo ni ya jana, naondoa mopu yangu."

Binti alipoelezwa alipekua daftari lake. "Mwalimu wetu hakusema hivyo."

"Mwalimu wenu hapigi deki."

Viatu vya usaili ameshaviazima kwa dada yake; vinabana, lakini anasema usaili ni wa kukaa.

"Nikipita," anasema, akishika ukuta ili ainuke, "magoti haya yatabaki ya sala tu. Nikifeli, Mungu atanivumilia nisali nimekaa."