Eda na Websaiti

Watu wa siku hizi wanasema tovuti. Sisi tulisema websaiti, na mimi nilikuwa nikilitamka neno hilo kwa kubetua midomo, maana sikuipenda tangu siku ya kwanza mume wangu aliponitajia. Hasira zangu nazijua. Marehemu mama alikuwa akisema nilizaliwa nimekunja ngumi, na kwa hilo sikuwahi kumbishia.

Tulikuwa na nyumba ya wageni Diani, upande wa juu wa barabara, si ule wa ufukweni wenye mahoteli. Ilikuwa na vyumba sita na ua katikati, asumini mlangoni, na huko nyuma chumba chetu na jiko. Wageni wetu walikuwa Wazungu wasio na makuu: walimu, wauguzi, wazee waliochoshwa na hoteli. Waliletwa na wenye teksi, au na wenzao waliowahi kulala kwetu. Wengine waliandika barua miezi miwili kabla, na mume wangu akiwajibu kwa mkono wake, salamu nusu ukurasa kabla hajafika kwenye habari za chumba.

Kisha zikaja zile fujo za kule kivukoni. Watu walichomewa nyumba, watu wakafa, na redio za Ulaya zikawaambia watu wao wasije. Baada ya fujo ikaja mvua iliyokata barabara. Mahoteli yakafunga, wapishi na wahudumu wakarudi makwao bara na mabegi yao. Vyumba vyetu sita vikakaa vimetandikwa. Kila wiki nilizifua zile shuka kwa sababu ya ukungu, si kwa sababu kuna mtu aliyezilalia. Kufua shuka safi kuna uchungu wake, asiyewahi kuzifua haujui.

Hapo ndipo mume wangu alipokutana na mwalimu wa taipu. Alikuwa mtu wa bara, mlokole, wazazi wake walipata shamba kwenye skimu ya Shimba Hills naye akazaliwa huko huko. Alikuwa na chuo cha taipu ghorofani pale Kona ya Musa, juu ya duka la vitambaa, chenye mashine kumi za taipu, kompyuta mbili na laini ya simu. Alimweleza mume wangu kwamba ukiwa na websaiti, Mjerumani aliye kwake anaweza kuuona ua wako na kukuandikia barua ikafika siku hiyo hiyo. Mume wangu akarudi nyumbani macho yamemng'aa. Nikamwambia chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

"Chema kitajiuza kwa nani," akasema, "na njia haina mtu?"

Tulibishana wiki mbili. Nilisema mengi, na mengine yalikuwa ya haki. Nilisema nyumba ya vyumba sita si shirika la ndege. Nilisema hiyo kompyuta iko Kona ya Musa na jiko langu liko hapa, mgeni akiuliza jambo atajibiwa na nani, asumini? Nilisema pia, Mungu anisamehe, kwamba yeye ni mtu wa kudanganywa na kila mwenye tai. Mume wangu hakuwa mtu wa ugomvi. Aliniacha nimalize, kisha akaenda akafanya alilotaka.

Mwalimu akaja na kamera. Mimi nikajifungia jikoni mpaka alipoondoka, maana sura yangu kupelekwa Ulaya bila mimi nilikuwa sikutaki. Maneno aliyaandika mume wangu mwenyewe. Salamu zilikuwa ndefu hata mwalimu akamsihi azipunguze, akisema kwa Kiswahili chake cha bara kwamba wazungu hawanaga taimu. Mume wangu akamjibu kuwa mgeni haambiwi chumba kabla hajaulizwa hali, na salamu zikabaki vile vile.

Siku moja alinichukua nikaione. Tuliketi mbele ya ile kompyuta, picha ya ua wetu ikawa yateremka pole pole, kwanza paa, kisha ukuta, kisha mlango, na asumini mwisho kabisa. Nilitaka kucheka na nilitaka kulia, kwa hivyo nikasema haya, nimeona, twende zetu. Akanizuia anionyeshe pahali pa kufungulia barua za wageni, na neno la siri la kuzifungulia. Neno hilo lilikuwa jina alilozoea kuniita chumbani, tukiwa wawili tu. Nilimpiga kofi la bega pale pale, mbele ya mwalimu, naye akacheka mpaka akakohoa.

Kila Jumatatu na Alhamisi alikuwa akienda Kona ya Musa kutazama barua. Mwezi wa kwanza hakukuwa na kitu, wala wa pili. Akirudi nilikuwa namuuliza, "Wajerumani wako hawajambo?" Mara ya mwisho nilipomuuliza hivyo ilikuwa Jumatatu. Jumanne homa ikamshika, na Ijumaa tukamzika.

Nikaingia edani katika kile chumba cha nyuma. Miezi minne na siku kumi, nguo nyeupe, hakuna manukato wala wanja, hakuna kutoka wala kuonana na wanaume wasio maharimu. Mavyaa wangu, mamake mume wangu, akaja kutoka Kombani kukaa nami na kunishughulikia. Tulilia pamoja, na siku nyingine tulinyamaza pamoja kutwa nzima.

Baada ya khitima, shemeji yangu mkubwa aliyekuwa akikaa Msambweni alikuja akasema nami kupitia pazia. Nyumba ilikuwa ya urithi wa baba yao, na yeye ndiye aliyekuwa msimamizi. Aliniambia kwa heshima nisiwe na wasiwasi na eda yangu. Nikitoka, kama kutakuwa na wageni walioomba vyumba kwa msimu wa Krismasi, nyumba itabaki ya wageni na nitaiendesha mimi. Kama hakuna, basi ataipangisha, kwani kuna mtu anayetafuta ghala. Sikumlaumu, na mpaka leo simlaumu. Nyumba tupu haimlishi mtu. Lakini ile ndiyo kazi pekee niliyoijua, na hapo ndipo mume wangu aliponiacha. Sikutaka kurudi kwa kaka zangu nikawe shangazi wa kumiminiwa chai na kuulizwa kama ameamka salama.

Mwezi wa pili wa eda, mwalimu wa taipu alibisha hodi. Alisimama nje ya lango, akampa mavyaa pole zake, kisha akamweleza kwamba tangu mzee afariki hakuna aliyefungua barua za wageni. Yeye hana neno la siri. Akaomba nije chuoni kwake mchana mmoja nizifungue, au nimwandikie hilo neno kwenye karatasi azifungue yeye aniletee.

Mavyaa alipoyaleta maneno hayo chumbani, damu ilinipanda. Nimtajie mavyaa neno lile, mama aliyemzaa mume wangu? Nilitie kwenye karatasi mwanamume wa kando alisome, alibofye herufi baada ya herufi kwa vidole vyake? Lilikuwa ndicho kitu pekee alichoniachia mume wangu ambacho hakimo katika mirathi. Hata hivyo nilichana ukurasa wa daftari nikaliandika. Nilipoliona limekaa pale, kwa mwandiko wangu, nililia mpaka kichwa kikauma, kisha nikaikunja ile karatasi nikaitia kwenye jiko la makaa. Nikamwambia mavyaa amjibu kwamba hakuna barua, na kama zipo ni za watu wanaouliza tu.

Mavyaa alikuwa mwanamke mwenye akili, hakuridhika. Siku ya pili yake alimwita sheikh wa mtaa, mzee mpole aliyemfundisha mume wangu msahafu. Sheikh aliketi upande wa pili wa pazia akanieleza kwamba sheria haikuwekwa kumtesa mtu. Mwenye eda anaweza kutoka mchana kwa haja ya maisha yake, akamaliza akarudi. Hakuna dhambi, na watu wakisema, wanisemee kwake. Kisha akaniuliza jambo moja.

"Hiyo biashara yenu, binti yangu, ina haja na hicho kitu cha kompyuta, au ni pambo tu?"

Ningeweza kusema sijui. Lingekuwa jibu la kweli, na angenituma niende nikaangalie. Lakini nilikuwa nimebishana wiki mbili na mtu ambaye sasa yuko chini ya ardhi, na nilijiona nikikiri kwamba ina haja, nitakuwa nimekiri kwamba miezi yake ya mwisho duniani nilimfanyia dhihaka bure. Wallahi ndivyo nilivyofikiri. Nikataka niwe nilikuwa na haki.

"Ni pambo tu, sheikh," nikasema.

Akasema basi, mwenye eda hana haja na pambo, akaniombea dua akaondoka. Mavyaa alinitazama. Kisha akaenda kuchambua mchele.

Nilitoka edani mwanzo wa Disemba. Wanawake wakaniogesha, nikavaa nguo ya rangi, tukala. Asubuhi iliyofuata nilikuwa Kona ya Musa kabla mwalimu hajafungua mlango. Sijui nilikwenda kutafuta nini. Nadhani nilikwenda kuthibitisha kwamba hakuna kitu. Aliniwashia kompyuta, akageuza uso akatazama dirishani, nami nikalibofya lile jina kwa kidole kimoja.

Zilikuwamo barua nne, zote za mtu mmoja. Zilikuwa za Kiingereza, na Kiingereza cha kusoma nilikuwa nacho. Ni bibi wa Uswisi, muuguzi mstaafu, aliyelala kwetu wiki tatu kabla ya fujo. Katika ya kwanza alisema binti yake ameiona nyumba kwenye kompyuta, naye ameujua ule ua mara moja. Aliijibu kila salamu ya mume wangu, moja baada ya moja, hali za watoto, hali za wazee, hali ya mvua. Kisha akasema anataka kuja na ndugu zake wote na watoto wao, vyumba vyote sita, kuanzia wiki ya pili ya Disemba mpaka mwaka mpya, na wakipapenda waje kila mwaka. Barua hiyo ilifika siku sita baada ya maziko.

Ya pili iliuliza kama ya kwanza tumeipata. Ya tatu ilisema wamesikia habari za pwani si nzuri, wana hofu nasi, tuandike japo mstari mmoja wajue tuko hai. Niliangalia tarehe yake. Ilikuja siku tatu baada ya sheikh kuketi upande wa pili wa pazia langu. Ya nne ilikuwa fupi. Wamengoja, wameshindwa, na sasa wamelipia hoteli ufukweni. Anatuombea heri.

Mwalimu aliniuliza kama nataka kujibu. Niliviweka vidole juu ya vile vibonye vikakaa pale. Kisha nikainuka nikaenda nyumbani kwa miguu.

Shemeji yangu alinisikiliza mpaka mwisho. Hakunikaripia, na afadhali angenikaripia. Alisema tu kwamba neno lake na yule mtu wa ghala lilikuwa limefungwa siku eda ilipokwisha bila mgeni. Wiki hiyo hiyo lori likaleta simiti. Vyumba vitano vikajazwa mifuko mpaka dirishani, na cha sita kikawa ofisi. Mimi nikapewa kukaa nyuma mpaka kaka zangu waje kunichukua mwaka mpya.

Siku moja kabla ya Krismasi nilikuwa nikifagia ua, vumbi la simiti haliishi, nikasikia hodi. Alikuwa yeye, yule bibi, peke yake, na kofia na kikapu cha zawadi. Aliitazama ile mifuko mlangoni, akanitazama mimi, akamuulizia mume wangu. Nikamwambia amefariki. Alikiweka kikapu chini akanishika mikono yote miwili, akalia, akasema sasa ameelewa kwa nini hakujibiwa, na amejiona mbaya kwa kuwa alianza kukasirika. Alilia kwa dhati, kama aliyefiwa na mtu wa kwao. Ningeyaacha yaishie hapo.

Kisha akapangusa macho, akaniuliza kwa upole, bila kunilaumu, kama mtu anayetaka tu kujua mwenzake alihifadhiwa wapi katika msiba.

"Na wewe, mama, miezi yote hiyo ulikuwa wapi?"

"Hapa," nikamwambia. "Nilikuwa hapa hapa, ndani."