Ndege Iliyovuta Kulia

Mwaka juzi nusura nimkoseshe mtu kazi kwa mguu wangu wa kulia.

Sikumpiga teke. Hatukuwa hata tumeonana. Mguu wenyewe ulikuwa umekaa zake chini ya meza, chumbani kwangu, ndani ya soksi.

Ngojeni niwasimulie. Kucheka ruksa.

Mimi ni fundi cherehani. Suti, sare za shule, magauni, mapazia, chochote chenye kitambaa nakishona. Nina miaka ishirini na mbili kwenye kazi hii, duka moja na shangazi yangu, ambaye ndiye aliyenifundisha. Duka liko mbele, chumba changu kiko nyuma.

Ila kuna watu kama sitini hivi ambao hawajui kama nashona. Wao wananiita Kapteni.

Ni kundi letu la kwenye simu, linaitwa Marubani wa Mezani. Sisi ni watu wazima na akili zetu tunaorusha ndege kwenye kompyuta. Usije ukasema "gemu" mbele yetu, tutakosana. Unawasha injini kwa kufuata hatua zote, unaomba ruhusa kwenye mnara ambao haupo, unapaa na abiria ambao hawapo. Ukitua vibaya, aibu unayoiona ni ya kweli kabisa.

Sasa, programu inakuja na ndege zake. Lakini wenye ugonjwa huu hatutosheki. Wapo watu wanaounda ndege nyingine, wanakugawia, unaiongeza kwenye kompyuta yako.

Kwetu mtu wa namna hiyo alikuwa mmoja tu: Mwalimu.

Anafundisha fizikia sekondari. Mama wa watoto wawili. Kwa miaka mitatu, kila akimaliza kusahihisha madaftari, alikuwa anaunda ndege moja. Propela mbili, viti kumi na tisa. Alihesabu hadi skrubu za dashibodi.

Jumamosi moja akatugawia. Akaandika:

"Ndugu zangu, hii hapa. Kuna kampuni inatengeneza mashine za kufundishia marubani wa kweli. Wameniita kwenye usaili Ijumaa hii saa tatu asubuhi. Wataiangalia ndege, na watasoma maoni yenu humu. Naomba mseme kweli tupu."

Tukampa pongezi mpaka simu zikapata moto.

Na mimi wiki hiyohiyo nilikuwa nimepata pedali. Zamani nilikuwa nageuza ndege kwa mkono tu. Sasa nina pedali mbili za chuma chini ya meza: kanyaga ya kulia, pua inaenda kulia, kanyaga ya kushoto, inaenda kushoto. Kama marubani wenyewe.

Nilikuwa sijazijaribu. Niliziweka kwa ajili ya ndege ya Mwalimu. Zile nyingine niliona hazina hadhi ya miguu yangu.

Jumapili baada ya chakula cha mchana nikakaa. Nikawasha injini. Mbele yangu barabara ya kurukia, na mstari mweupe katikati umenyooka hadi mwisho wa macho.

Nikasukuma injini zote. Ndege ikaanza kukimbia.

Ikavuta kulia.

Ikavuta tena, ikaacha mstari, ikaingia majanini. Abiria wangu kumi na tisa nadhani walipiga kelele.

Nikarudia mara tano. Majanini mara tatu. Mara mbili nilipaa kwa kubahatisha, na cha ajabu, ikishakuwa angani inatulia kama maji mtungini. Ni chini tu ndiyo inavuta.

Nikaingia kwenye kundi.

"Wakuu, sitaki kumvunja moyo Mwalimu, ila hii ndege inavuta kulia. Kwenu vipi?"

Mtu akianza na "sitaki kukuvunja moyo", wewe tafuta pa kukaa kabisa.

Haikupita robo saa.

Dereva wa Lori: "Kapteni, afadhali umesema! Nilidhani ni macho yangu. Inavuta vibaya mno. Hiyo ni tairi, mimi nakwambia."

Daktari wa Meno: "Hata kwangu. Ila siyo tairi. Mafuta yamezidi bawa la kulia. Ni kama mtu anayetafuna upande mmoja, taya lazima liende upande."

Mhasibu: "Nimepima. Inavuta nyuzi tatu nukta saba."

Hapo tukanyamaza wote kwa heshima. Nukta saba! Unabishana vipi na mtu mwenye nukta saba?

Mpaka jua linazama walishafika kumi na wawili. Mimi wa kumi na tatu.

Mwalimu akaandika: "Kwangu inaenda sawasawa. Nimejaribu mara thelathini."

Nikamjibu: "Mwalimu, watu kumi na watatu hatuwezi kuota ndoto moja."

Nilijisikia vizuri na hiyo sentensi, jamani. Nikaisoma mwenyewe mara mbili.

Jumatatu Mwalimu hakuonekana kwenye kundi. Jumanne hakuonekana. Tukasikia amefumua mahesabu yote ya ndege, anatafuta kasoro mstari kwa mstari.

Jumatano mchana akatokea. "Toleo la pili hili hapa. Jaribuni."

Kundi likalipuka.

Dereva wa Lori: "Sasa hii ndiyo ndege!"

Daktari wa Meno: "Imetulia. Mafuta sasa yako sawa."

Mhasibu: "Nimepima. Sifuri."

Halafu mmoja akaongeza: "Bila Kapteni kupaza sauti tusingefika hapa." Wakaanza kunimwagia sifa. Kapteni jicho. Kapteni hafichwi kitu.

Kichwa kikavimba. Nikakaa, nikawasha, nikasukuma injini.

Majanini.

Nikarudia. Majanini.

Nikatazama simu. Sifa bado zinamiminika. Nikaandika hivi, na leo nikikumbuka naona aibu:

"Imenyooka kama rula. Hongera sana, Mwalimu."

Baada ya saa moja simu ikaita. Namba ngeni.

"Kaka Kapteni? Ni mimi, Mwalimu."

"Ooh, Mwalimu! Hongera!"

"Asante. Nina swali moja. Keshokutwa wale watu wataniuliza kasoro ilikuwa nini na nimeirekebishaje. Wewe ndiye uliyeiona wa kwanza. Niambie ukweli. Imenyooka?"

"Imenyooka, dada."

"Kabisa?"

"Kabisa."

Nyuma yake nasikia mtoto anasoma kitabu kwa sauti, anakwama kwenye neno, anarudia.

"Haya," akasema. "Asante."

Akakata.

Alhamisi mchana hakukuwa na wateja. Nikaingia chumbani, nikakaa kwenye ndege. Nilitaka kujua kwa nini ya wote imepona na yangu bado inaumwa.

Shangazi akafungua mlango bila hodi. Ana miaka sabini na mbili na hodi aliachana nayo siku nyingi. Alikuwa anatafuta futi yake ya kupimia.

Akasimama. Hatazami skrini, anatazama chini ya meza.

"Unashona nini?"

"Sishoni, Shangazi. Narusha ndege."

"Mbona mguu unashona?"

Nikacheka. "Mguu upi?"

"Wako. Kwani kuna mwingine humu?" Akavuta stuli, akakaa karibu yangu. Akachukua rula ya mbao ya kukatia vitambaa, akailaza juu ya goti langu la kulia. "Hebu rudia hicho ulichokuwa unafanya."

Nikaiweka ndege mwanzo wa barabara. Mstari mweupe mbele. Nikasukuma injini.

Rula ikainama.

Sikuamini. Nikarudia. Rula ikainama tena, polepole, vizuri kabisa, kama ninavyokanyaga cherehani ya umeme.

"Umeona?" Shangazi akasema. "Mimi nilikufundisha mwenyewe. Ukiona mstari wa chaki umenyooka mbele yako, usiogope, kanyaga. Sasa umewekewa mstari mweupe huo hapo, mrefu kuliko kitambaa chochote. Mguu utaacha?"



"Toa miguu hapo," akasema.

Nikaitoa, nikaiweka sakafuni. Nikasukuma injini.

Ndege ikakimbia katikati ya mstari, haikuyumba hata kidogo, ikanyanyua pua, ikapaa.

Shangazi akaitazama mpaka ikaingia mawinguni. "Nzuri hiyo. Nani kaiunda?"

"Mwalimu mmoja hivi."

"Mwambie Shangazi kasema yeye ni fundi."

Jamani, hapo ndipo iliponichoma. Mtu kahangaika miaka mitatu, na mimi nimeichafua kazi yake mbele ya watu kwa siku nne, nikiwa nimekanyaga pedali.

Nikamweleza Shangazi yote. Akasikiliza, anatikisa kichwa. Mwisho akauliza:

"Na hao wenzako kumi na wawili, nao ni mafundi cherehani?"



Sitawadanganya, nilifikiria kunyamaza. Ndege si watu wanasema imepona? Jina langu si liko juu? Nikakaa nusu saa nzima najipa sababu.

Lakini kesho saa tatu Mwalimu angekaa mbele ya watu wasiomjua, aulizwe kasoro ambayo haikuwepo, na ajibu nini? Atunge? Nami ndiye niliyemwambia "kabisa".

Nikapiga simu.

"Mwalimu, ndege yako haina tatizo. Haijawahi kuwa nalo. Ni mguu wangu."

Nikamwaga yote: cherehani, mstari, rula ya Shangazi. Sikuruka kitu.



Kisha akasema taratibu, "Najua haina tatizo. Toleo la pili sikugusa chochote."

"Unasemaje?"

"Nilibadilisha namba tu. Moja ikawa mbili. Ndege ni ileile."

Nikakaa kitandani.

"Nilishatafuta siku mbili, sikuona kitu," akaendelea. "Nikasema ngoja nione. Kama kasoro ipo kweli, atatokea walau mtu mmoja aseme bado inavuta. Nilikuwa nakusubiri wewe, kaka. Wale wengine nawajua. Wewe nilikuamini. Uliposema 'kabisa', nikajua sina mtu wa kumuuliza tena. Nililia, ukweli nakwambia. Nikaamua kesho siendi."

Nimeshatukanwa na wateja wa kila aina. Maharusi, mama wa maharusi, wote. Hakuna aliyewahi kuniumiza kama Mwalimu siku ile, akiongea bila kupandisha sauti.

"Dada, nisamehe," nikasema. "Na kesho utaenda. Nipe saa moja."

Nikamwita Shangazi ashike simu arekodi. Kwenye video kichwa changu alikikata chote, ila mguu ulitoka vizuri: soksi, pedali, rula inainama, ndege inaingia majanini. Halafu miguu sakafuni, ndege inapaa. Nyuma sauti yake inasikika, "Mmeona? Mguu huo!"

Nikaiweka kwenye kundi, na maneno haya:

"Mimi si rubani. Ni fundi cherehani. Ndege haikuwa na kasoro. Toleo la pili nalo kwangu lilivuta kulia, nikadanganya kwamba limenyooka. Mwalimu, samahani mbele ya wote."

Ijumaa Mwalimu akaenda. Walipomuuliza kasoro ilikuwa nini, akawaonyesha mguu wangu. Alisema waliutazama mara tatu, wakacheka mpaka wakaitana kutoka vyumba vingine. Wakamuuliza toleo la pili lilirekebisha nini. Akawaambia ukweli: namba.

Jumatatu wakampigia simu. Kazi akapata.

Nami nilifurahi kama nimeajiriwa mimi.

Mnadhani imeisha? Bado.

Baada ya ile video kundi lilikaa kimya mpaka usiku. Watu sitini, hakuna hata aliyekohoa. Nikajua sasa nafukuzwa.

Wa kwanza kutokea alikuwa Dereva wa Lori.

"Kapteni, usijilaumu. Nimejichunguza. Hata mimi ni mguu. Miaka kumi na minane nakanyaga mafuta."

Daktari wa Meno: "Hata mimi. Kiti cha mgonjwa nakipandisha kwa mguu wa kulia."

Wakaanza kumiminika. Hata mimi. Hata mimi. Kumi na wawili wote, kila mmoja na mguu wake.

Mwisho kabisa, Mhasibu: "Ni mguu. Nimepima."

Mwalimu akamwandikia, kwa upole wake uleule: "Mhasibu, hebu tupigie picha hizo pedali zako."

Picha ikachelewa kidogo, ikaja. Meza. Kikombe cha chai. Kibodi. Chini ya meza, kandambili.

Pedali hana. Hajawahi kuwa nazo. Yeye ndege anairusha kwa vidole.

Tulicheka wiki nzima, na Mhasibu mwenyewe akacheka. Lakini mimi sina haki ya kumcheka. Yeye alinifuata mimi. Mimi nilijua bado inavuta, nikaandika imenyooka.

Basi wapendwa, ninachowaachia ni hiki. Kundi likisema jambo, sema "hata mimi" ukiwa kweli umeliona, basi. Na siku mtu akikutoa pembeni akakuuliza ukweli, ujue ana sababu ya kukuchagua wewe. Mpe ukweli wako, hata kama ni mmoja na unakuaibisha.