Mama Yuditha na Nusu ya Kidonge

Ilikuwa mwaka elfu moja mia tisa hamsini na mbili. Hapana, ngoja, nimekosea. Vile vikombe vyenye picha ya Malkia, vya kutawazwa kwake mwaka hamsini na tatu, tulikuwa tumeshagawiwa, na changu nilikuwa nanywea uji mle mle wodini. Kwa hiyo ni hamsini na nne. Ndiyo, hamsini na nne, kahawa ina bei nzuri, hata wagonjwa wakawa wanatembelewa na ndugu waliovaa viatu vipya.

Kabla ya hapo nilikuwa nimezunguka sana, Same, Taveta, Arusha, mpaka kifua kikaniambia kaa chini. Nikakaa Moshi, hospitali ya serikali, upande wa kifua kikuu. Wodi ya wanaume na ya wanawake zilitazamana, na katikati palikuwa na baraza moja ambapo sote tulitolewa asubuhi kuota jua. Hapo barazani ndipo nilipomjua Mama Yuditha.

Alikuwa mjane, Mlutheri, kihamba chake, shamba la ukoo lenye nyumba, kiko juu ya Kwa Sadala. Mwembamba, mrefu, na sauti ya mtu aliyezoea kumwita ng'ombe aliye ng'ambo ya mfereji. Mumewe alimwachia migomba, kahawa kidogo na mtoto mmoja, Eliona. Kwa kuuza maziwa alimsomesha Eliona mpaka akawa dresa, msaidizi wa daktari, na kazi ikamleta pale pale wodini kwetu. Kwa hiyo mama alilala kitandani, na mwanawe ndiye aliyemletea dawa.

Siku moja Daktari, Mwingereza mpole mwenye masikio mekundu, akatukusanya barazani. Eliona akatafsiri. Kuna dawa mbili, akasema. Moja ni ya zamani, ule unga mchungu mnaokorogewa na maji. Nyingine ni mpya, kidonge cheupe kidogo. Hakuna ajuaye ipi inashinda. Anayekubali kupimwa nazo ataokota karatasi kwenye bakuli hili, na karatasi ndiyo itakayosema anywe ipi. Asiyetaka ataendelea kutibiwa kama kawaida.

Rajabu, fundi cherehani wa mjini, akacheka mpaka akakohoa. "Bwana Daktari, yaani unatuchezesha bahati nasibu?"

Mama Yuditha alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono.

"Mama, si lazima," Eliona akasema.

"Nani amesema ni lazima? Nimelalia mgongo tangu masika. Lete hilo bakuli."

Akaokota unga. Jirani yake wa kitanda, Hilaria wa Kibosho, mwanamke kijana aliyeacha mtoto mchanga kwa mama mkwe, akaokota kidonge. Mimi pia nilipata kidonge.

Sasa sikiliza lililotokea. Kwetu mlimani mtu hali peke yake mbele ya mkubwa wake. Hilaria alilelewa vizuri. Asubuhi ya kwanza alikiweka kidonge shavuni mpaka Eliona akapita, kisha akakikata kwa meno na kumnyooshea Mama Yuditha nusu, kwa mikono miwili.

"Karibu, Mama."

"Kula mwanangu, hicho ni chako."

"Nitamezaje na wewe unanitazama? Nyumbani wakisikia watasema nini?"

Mama Yuditha akakipokea, maana kukikataa ni kumtukana aliyekupa. Na yeye akammiminia Hilaria nusu ya unga wake. Waliokuwa karibu wakaona ni adabu nzuri, nao wakaiga. Baada ya muda karibu baraza zima likawa linagawana. Rajabu alimgawia jirani yake huku akisema, "Kamata, usije ukaniroga."

Na Mama Yuditha akaanza kupata nafuu. Kikohozi kikapungua, akawa anatembea mpaka kwenye bomba na kurudi. Eliona alipomwona hivyo alikuwa akipiga mluzi.

Ila Daktari hakufurahi. Makohozi aliyoyapima yalimchanganya, kwa sababu pande zote mbili zilikuwa sawasawa, si kupona si kuzidiwa. Akamwambia Eliona kwamba mambo yakiendelea hivi atafunga kazi, na kile kidonge kitapelekwa jimbo lingine.

Asubuhi iliyofuata Eliona alipita na dawa, halafu akarudi ghafla. Akamkuta mama yake ana kitu cheupe kwenye ulimi.

"Mama, unakula nini?"

"Nakula nilichokaribishwa."

"Mama! Hiyo si ndizi!"

Eliona akakaa chini, pale pale miguuni pa mama yake, akamweleza polepole. Mkigawana, hakuna atakayejua dawa ipi ni ipi. Kidonge kitaondoka, na sisi tutabaki na unga.

"Na nikiacha hii nusu?" mama akauliza.

Eliona akaanza kupanga makopo yake ya dawa.

"Nimekuuliza wewe. Nikiacha, nitakufa?"

"Sijui, Mama. Ndicho wanachokitafuta."

Mama Yuditha akageuka kutusemesha sisi wote. "Marehemu mume wangu alipokuwa akichinja, kila fungu lilikuwa na mwenyewe. Aliyepewa mgongo hali kidari cha mwenzake, hata kama amekaribishwa. Tumekula mafungu ya watu. Basi, tuache. Lakini mchinjaji naye haruhusiwi kumwacha mtu na mkono mtupu. Eliona, niletee sale kutoka nyumbani."

Sale ni lile jani refu tunalopanda mipakani. Ukimpelekea mtu uliyemkosea, hawezi kukukatalia.

Daktari alipofika, Mama Yuditha akamkabidhi. Mzungu wa watu akalinusa, akatabasamu, akatafuta glasi ya kulitia maji.

"Si ua hilo, Bwana," Rajabu akamwambia. "Hiyo ni kesi."

Eliona akamfafanulia. Wagonjwa wanaomba radhi, na wako tayari kuanza upya, kila mtu na dawa yake. Nao wanataka kauli yako mbele ya wote, kwamba dawa itakayoshinda watapewa wote, na wale ambao dawa yao imeshindwa ndio watakaoanza kupewa. Masikio ya Daktari yakazidi kuwa mekundu. Alilishika lile jani kwa mikono miwili, kama alivyoona kwetu, akasema kwa Kiswahili chake, "Mimi nakubali. Wote."

Tukaanza upya. Na hapo ndipo palipokuwa pagumu, msidhani ni lile jani. Sisi wa vidonge tulinenepa. Mama Yuditha alirudi nyuma. Kwanza aliacha kwenda kwenye bomba, kisha akawa anabebwa mpaka barazani, kisha akatema damu. Hilaria alikuwa akimeza huku analia.

"Meza, binti," Mama Yuditha alikuwa akimwambia. "Usinililie, sijafa. Ukikitema nitajua, nami nitakuchapa."

Eliona alikuja kila asubuhi, kopo la vidonge mkono huu, unga mkono huu. Kidonge kimoja kingeweza kuponyoka, nani angejua? Siku moja nilimwona amesimama mbele ya kitanda cha mama yake, hatoi unga wala haendi.

"Wenzangu wanakungoja," mama yake akasema. "Nipe kilicho changu, baba."

Akampa.

Wakati huo ndipo alipofariki Primus, mlimaji wa mpunga wa Mabogini, naye wa unga. Tulimpenda kwa nyimbo zake. Baada ya mazishi tulikaa barazani, na kila mmoja alimtazama Mama Yuditha na kuangalia pembeni.

Halafu siku moja Daktari akaja mbio, hana hata koti lake jeupe. Alipita ofisini, akapita kwetu wanaume, akaenda moja kwa moja kwenye kitanda cha Mama Yuditha. Kidonge alikuwa amekishika mwenyewe. Kimeshinda! Kimeushinda unga, kimeushinda mbali!

Mama Yuditha akameza, kisha akatutolea ulimi wote tuone kwamba hakuna kilichobaki. Hilaria akapiga vigelegele, na wodi nzima ikaitikia, wanaume kwa wanawake, mpaka wapishi wakatoka jikoni na miko yao. Eliona alikwenda nyuma ya jengo. Aliporudi alikuwa amenawa uso.

Ilichukua muda, lakini makohozi ya Mama Yuditha yakawa safi. Alishushwa na lori pale Kwa Sadala, akakataa kubebwa, akapanda kwa miguu yake mpaka kihambani, sisi nyuma yake tunahema. Mbuzi alichinjwa na Rajabu, ili na yeye ale. Mbege, pombe yetu ya ndizi, ilinyweka, na Mama Yuditha akacheza, namwona mpaka leo, kanga kiunoni, akimkemea Eliona kwa kucheza kama nguzo. Aliishi. Aliona Uhuru, aliwabeba wajukuu mgongoni, na watu wengi wa kifua huku kwetu walipona kwa kidonge kile.

Nilipita kwake kila safari zangu ziliponileta. Mara ya mwisho nilikaa na Eliona mferejini, nikamwuliza jambo nililokuwa nimeshamwuliza Daktari kabla hajaondoka, naye akawa ametazama saa yake. Eliona alitazama maji tu. Swali lenyewe lilikuwa hili: yale makohozi yalipimwa mara kwa mara, sivyo? Basi ile siku walipoona kwa mara ya kwanza kwamba kidonge kinashinda, Primus alikuwa ameshazikwa, au alikuwa bado anatuimbia?