Mama Nyuma ya Mwiko

Nilipeleka kanda ya harusi ya dada yangu kwa fundi mmoja wa Buruburu, yule anayetoa picha za karatasi kutoka kwa chochote: kanda, sidii, simu. Nilitaka sura ya mama akicheka, basi. Marehemu alituachia picha moja tu, ya kitambulisho, na humo amenuna kama mtu aliyekanyagwa kidole. Alikuwa mpishi wa kila sherehe, na kwetu mpishi hapigwi picha. Wenzake wakipanga mstari, yeye yuko na sufuria.

Video ya simu ya shangazi ilikuwa na kisogo cha mama tu. Kisogo nakikumbuka vizuri. Kinachonitoka akilini ni kicheko chake, ule mwanya wa meno ya mbele, na jambo hilo linanitia hofu.

Fundi aliunganisha deki na kompyuta, tukatazama ukumbi wa Kaloleni: maharusi, keki, wazee wakisinzia. Kisha mpiga video akaingia jikoni. Mama akageuka, akainua mwiko kumfukuza. Fundi akasimamisha kanda, picha ikatetemeka. Macho yalionekana, yanawaka. Mdomo ulikuwa nyuma ya mwiko. Tukarudisha, tukasogeza polepole, mwiko haukubanduka.

Na sauti je? Wahariri wa kanda za harusi siku zile walikuwa na mtindo wa kufuta maneno ya watu na kuweka kwaya mwanzo hadi mwisho. Mama anasema kitu, kwaya inaimba haleluya. Nilitamani kuizaba makofi.

"Buda, hii mdomo naeza mjazia na kompyuta," fundi akasema. "Hutajua tofauti."

"Mdomo wa mama yangu utautoa wapi wewe?"

Nilifoka mpaka wateja wakageuka. Akachapa picha ilivyo.

Dada alipoishika alilia, halafu akauliza, "Kwani alikuwa anasema nini?" Kama alikuwa anacheka au anagomba, hata hilo sikulijua.

Nimeibandika jikoni kwangu. Nikiwasha jiko asubuhi namsikia: "Toka hapo, utaungua." Siku nyingine ananiuliza kama nimekula, na ananiuliza akicheka, mwanya wote nje. Yote hayo namtilia mdomoni mimi mwenyewe. Fundi wa watu nilimfokea kwa jambo hilo hilo.