Swali Alilolizika Rabi Getsel

Ilikuwa mwaka 1887. Hapana, 1888, maana farasi wangu wa kijivu alikuwa ameshakufa. Nilikuwa nikimpeleka Rabi Getsel kwa gari langu la farasi mji hadi mji, akiwasomea watu maandiko na kukusanya vitabu vitakatifu vilivyochakaa, kwa kuwa kwetu sisi Wayahudi havichomwi, huzikwa makaburini kama maiti. Katika mji wa Brelnitsa alizika kwa makosa kitabu chake mwenyewe. Pembeni mwa ukurasa mmoja alikuwa ameandika swali lililomsumbua miaka thelathini. Wiki tatu baadaye tukarudi kukifukua.

“Rabi, wageni wangu huwa hawaombi kutoka,” alitania Zelik, mchimba makaburi.

“Chimba tu, ndugu yangu. Bila swali lile sina kazi duniani.”

Udongo ulikuwa haujaguswa, nyasi zimeanza kuota juu yake. Zelik akakitoa kitabu, na Rabi akafungua ukurasa ule. Chini ya swali lake palikuwa na mistari miwili ya mwandiko mwingine, na wino ukamchafua kidole gumba. Akaisoma, akakilaza kitabu shimoni taratibu, na baada ya siku ile hakusafiri tena.

Nilimwuliza njia nzima ya kurudi, kisha nikawauliza marabi wote niliowapakia: ni nani aliyemjibu?